Valvu Kumi na Sita

Fomu ya kuombea kazi ilikuwa na mstari ulioandikwa "Fani". Kwenye mstari huo niliandika, kwa herufi kubwa nilizofundishwa shule ya msingi, KUCHAMBUA KAHAWA. Dada wa utumishi, binti mstaarabu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, aliisoma fomu yangu, akatabasamu, akachukua kalamu yake, akayakata maneno yangu kwa mstari mmoja mnyoofu na kuandika pembeni: Usafi.

Hakufanya kwa ubaya. Hata leo tunacheka naye. Lakini asubuhi ile nilisimama pale getini nikautazama ule mstari wa wino uliopita juu ya miaka yangu kumi na tisa ya kazi, na hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mama, hapa tunahitaji watu technical," alisema kwa upole. "Ila nafasi ya usafi ipo. Nimekusaidia."

"Mwanangu, mimi sikuja kuomba ufagio."

"Basi mama, kilichobaki ni hicho."

Mume wangu, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alinivuta kanga. Yeye ni fundi gari, gereji yake iko kwetu Pasua, na alikuwa amekuja kuomba nafasi ya ufundi. Fomu yake ilipokelewa bila kuguswa. "Chukua hiyo hiyo," alininong'oneza. "Wewe na magari wapi na wapi?" Nikachukua. Mchele wa Mabogini niliokuwa nauza barazani haukuwa unatembea, na kununa hakuleti chakula. Lakini nilikwenda na kinyongo changu kizima kizima, wala sikukificha.

Kiwanda chenyewe kiko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Bomang'ombe. Zamani yaliungwa magari pale. Vyuma vilikuja ndani ya makasha, vikaingia mlango wa mbele, na kwenye mlango wa nyuma likatoka lori jipya linanuka rangi. Baadaye magari yaliyokwishatumika yakaja kwa wingi kutoka ng'ambo, mapya yakakosa wanunuzi, kiwanda kikafungwa na majani yakaota mpaka kwenye ngazi za ofisi. Sasa kimefunguliwa tena, lakini kazi imegeuzwa. Linaingia gari zima lililochoka, vinatoka vipande. Injini yenye uhai inarudishwa barabarani, kioo kinauzwa kama kioo, nyaya zinatolewa shaba, sponji za viti zinakwenda kwa watengeneza magodoro, na kile kisichofaa kabisa ndicho kinachopelekwa kuyeyushwa.

Dada wa utumishi alituambia hiyo inaitwa uchumi wa mzunguko. Aliyenielewesha vizuri ni mwenzangu, mama wa Old Moshi, ambaye naye siku ile alikuwa ameandikiwa usafi. "Kigeni hapo ni nini?" aliniuliza. "Ndizi tunakula sisi, maganda anakula ng'ombe, mbolea inarudi kwenye mgomba. Wamekuja kutufundisha mambo ya kihambani, migombani kwetu."

Mwenzangu huyu nimemwita mwenzangu kwa sababu tulikaa naye meza moja, uso kwa uso, miaka yote kumi na tisa. Ananizidi miaka kama kumi. Yeye Mlutheri wa mlimani, mimi Mwislamu wa mjini, na katika ile meza ya kiwanda cha kahawa tulijuana kuliko tulivyojuana na ndugu zetu. Kahawa ilimwagwa katikati, sisi kazi yetu ilikuwa kutoa nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zile zenye wekundu wa uchachu ambazo mtu wa kawaida hazioni hata akionyeshwa. Mwaka wa kwanza unazitafuta mbovu mpaka macho yanatoka machozi. Baada ya hapo huzitafuti tena. Unatazama meza nzima, mkono unakwenda wenyewe.

Halafu ikaletwa mashine yenye macho. Tukaambiwa asanteni, tukapewa kila mmoja doti moja ya kanga, tukaenda nyumbani. Mwenzangu alirudi kwa ng'ombe wake. Mimi ile doti niliikata, upande mmoja nikaufunga kiunoni siku ya kwenda kuomba kazi, upande mwingine nikauacha sandukuni. Sikuwa nimeivaa hata siku moja kabla ya hapo, kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika.

Siku ya tatu ya ufagio wangu, mafundi waliitwa kupimwa. Aliyewapima alikuwa msimamizi wa karakana, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye aliunga magari katika kiwanda kile tangu ujana wake na sasa ameitwa arudi kuyafungua. Mfukoni mwa shati alikuwa na daftari dogo lisilomtoka. Kila fundi aliwekewa giaboksi kuukuu ya lori na kuambiwa: fungua.

Mume wangu ana mikono myepesi, hilo silikatai. Wengine walikuwa bado wanachagua spana, yeye keshafika katikati. Alifungua kama anavyofungua Pasua, kama wanavyofungua mafundi wote ninaowajua: nati, boliti na pini zote ndani ya kopo moja la rangi. Alipomaliza alijifuta mikono na kusimama kifua mbele.

Msimamizi akalichukua lile kopo, akalimwaga chini. "Haya, nionyeshe," alisema, ameshika boliti moja fupi. "Hii ilitoka wapi?"

"Fundi, hiyo nitaijua wakati wa kufunga."

"Na zikibaki?"

"Zikibaki ni akiba."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka na ufagio wangu, maana chini ya kitanda chetu lipo kopo la hiyo akiba, zito kuliko mtoto wa miaka miwili. Msimamizi hakucheka. Akaenda kwa wa pili, akamwaga kopo. Wa tatu, akamwaga kopo. Wote walikuwa mafundi wazuri, na wote walikuwa na kopo.

"Hapa hatutengenezi gari liondoke jioni," alisema, na niliona amechoka kweli. "Kila kipande kinakwenda kwa mtu mwingine. Nahitaji mtu anayefungua huku anakumbuka. Nimpate wapi?"

Mdomo wangu ulifunguka kabla sijauambia. "Unahitaji mchambuzi."

Watu wote wakageuka. Mume wangu alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba ardhi ipasuke.

"Wewe ni nani?" akauliza msimamizi.

"Shikamoo. Mimi ndiye niliyekatwa kwenye fomu."

"Marahaba. Umekatwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na dada wa utumishi alikuwa pale pale anasikia. Yule mzee aliinama, akakusanya zile nati na boliti zilizomwagika kutoka makopo matatu, akazichanganya kwa mikono miwili, akanisukumia. Nikamwita mwenzangu. Nikafungua kanga kiunoni, chini nilikuwa na gauni langu la kazi, nikaitandika kwenye meza. Tulikaa uso kwa uso kama zamani. Sikuhesabu dakika, lakini chai ya msimamizi ilikuwa bado ya moto tulipomaliza: ndefu kwa ndefu, zenye meno membamba kwa zenye meno membamba, zilizoliwa meno zimewekwa pembeni peke yake.

Alizitazama kwa muda. "Wiki moja," alisema. "Nyinyi wawili. Mkiharibu, mnarudi kwenye ufagio. Mkiweza, nitamwambia huyu binti akuandikie fomu upya, na hayo maneno yako yaandikwe kama ulivyoyaandika."

Ndivyo nilivyopewa wiki moja ya kurudishiwa neno langu. Sikutaka kitu kingine chochote. Nilikuwa tayari kuosha vyuma na kubeba betri za malori kichwani, ili mradi lile neno lirudi mahali lilipotolewa.

Nyumbani mume wangu alimaliza kula kwanza. Halafu akasema, "Umeniaibisha." Nikamwambia aliyemwaibisha ni kopo. Tukalala tumepeana migongo.

Siku tatu za kwanza tulikwenda vizuri sana, na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Tulichambua nyaya kwa rangi, taa kwa upande, vitasa kwa aina. Mwenzangu alikuja na kiburu chake cha ndizi na maharage kwenye kibakuli, tukala na msimamizi mezani, akatusifu. Nilianza kutembea karakanani kama mwenye mali.

Siku ya nne msimamizi alikuwa amefungua injini mbili za aina moja, zilizotoka kwenye magari mawili ya watalii. Mojawapo ilikuwa na mnunuzi anayeisubiri, na ingekuwa injini ya kwanza kuuzwa na kiwanda tangu kazi igeuzwe. Kila mtu aliizungumzia. Juu ya injini kuna kichwa chake, chuma kizito chenye mashimo manne ambamo mafuta yanachomwa, na kila shimo lina valvu mbili, kubwa ya kuingiza hewa na ndogo ya kutoa moshi. Valvu ni kijiti cha chuma chenye kichwa kipana kama uyoga. Msimamizi alizichomoa zote kumi na sita, akazilaza mezani juu ya magazeti, vichwa viwili vya injini vikiwa pale benchi. Kisha akaitwa ofisini. Akiwa anaondoka akatuambia, "Hizo zifuteni mafuta."

Tukazifuta kwa kitambaa chenye dizeli. Na tulipomaliza kuzifuta, kwa kuwa sisi ni sisi na mikono yetu ina tabia yake, tukazichambua. Kubwa huku, ndogo kule. Katika kubwa, zilizonyooka na kung'aa mbele, zenye vidonda nyuma. Tulizipanga kwa madaraja kama kahawa ya kwenda mnadani, tukakunja mikono kungoja sifa.

Msimamizi aliporudi alisimama mlangoni. Akavua miwani. Akatafuta tairi, akakaa.

"Mama, umeniua," alisema.

Sikuelewa. Akanielewesha taratibu, na afadhali angefoka. Punje ya kahawa, alisema, ukiishaichuma haina habari na tawi lake. Valvu ina habari. Imekaa kwenye shimo lake miaka na miaka, imesagana nalo, imelichonga na yenyewe imechongwa. Ukiiweka shimo la jirani, haizibi, injini inapumua pembeni. Alizilaza mezani kwa mpangilio wa mashimo yake. Sasa mpangilio ule ulikuwa umekufa, na tulioua ni sisi, kwa ustadi wote tuliokuwa nao.

"Na wewe hukusema!" nilimjibu, maana mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Sikusema," alikubali. "Hakuna fundi anayehitaji kuambiwa hilo."

Neno lile lilinichoma. Dada wa utumishi alikuwa ameshafika, amesikia, ameshika faili lake kifuani. Sikumtazama. Mwenzangu alikuwa ameishika valvu moja, anaizungusha polepole usoni pake, midomo imebana. Nilimjua. Alikuwa akifanya hivyo punje ikimtatiza.

"Mdogo wangu," aliniita, "njoo mlangoni."

Tukaenda penye mwanga. Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo, kwa hiyo pale mlangoni palikuwa na ule mwanga mtulivu wa kivulini ambao wachambuzi wote wanaupenda, kwa kuwa jua kali linadanganya rangi. Akaniwekea valvu mbili kiganjani. "Tazama tumbo lake, siyo mgongo."

Upande bapa wa kile kichwa cha uyoga, ule unaotazamana na moto, kulikuwa na rangi. Kitambaa chetu kilifuta mafuta tu, moshi uliogandia kwenye chuma ulikuwa bado upo. Moja ilikuwa kijivu kikavu. Nyingine hudhurungi yenye wekundu kwa mbali sana, ule wekundu ambao mtu wa kawaida haoni hata akionyeshwa. Nikageuka kuvitazama vichwa vya injini pale benchi. Vyenyewe havikuwa vimeguswa na mtu. Kila shimo lilikuwa na rangi yake.

"Fundi," nilisema, "shimo moja linachoma sawa na jingine?"

Alinyanyua uso. "Hakuna mashimo mawili yanayochoma sawa."

"Basi tupe mpaka saa kumi."

Dada wa utumishi akamtazama msimamizi, msimamizi akamtazama mwenzangu, akainua mabega. Vile vichwa viwili vikaletwa mlangoni, wanaume wanne wakivibeba. Nikatandika kanga yangu sakafuni. Tukakaa chini, miguu tumeinyoosha, kama wanawake wanaochambua mchele wa harusi, na karakana yote ikaacha kazi kuja kututazama.

Tulianza na zilizo wazi. Kulikuwa na shimo jeusi lenye mafuta, na valvu zake mbili nyeusi hivyo hivyo zikajileta. Kijivu kikaenda kwa kijivu. Mashimo sita tuliyamaliza bila kusemezana, maana sisi kazini hatukuwa na mazoea ya kuongea. Yakabaki mawili, yote hudhurungi, moja kwenye kila injini, na valvu nne. Hapo tulikwama. Niliona sawa, nikaona tofauti, nikaona sawa tena. Nilikumbuka mashine yenye macho, nikajiuliza kama ingelikuwa pale ingesema nini, na nilichukia hata kuwaza hivyo.

Mwenzangu akafumba macho. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa valvu, pale inapokutana na shimo, halafu akaupitisha kwenye ukingo wa shimo. Akarudia. "Hii ina kipele," alisema. "Na shimo hili lina kidonda cha hicho kipele." Akaninyooshea mkono, akakishika kidole changu na kukipitisha. Kilikuwepo. Kidogo kama chembe ya chumvi, lakini kilikuwepo. Tukaiweka, na nyingine zikafuata zenyewe.

"Tayari," nilisema. Ilikuwa haijafika hata saa tisa na nusu.

Msimamizi akakunja mikono ya shati. Akazifunga valvu na springi zake moja baada ya nyingine kwa mikono yake mwenyewe, akakilaza kichwa cha kwanza, akamimina mafuta ya taa kwenye kila shimo mpaka likajaa, akainama kutazama upande wa pili kama yanapenya. Tulisubiri. Alipitisha kidole, akakinyanyua juu ili kila mtu aone. Kikavu. Shimo la pili, kikavu. La tatu, la nne. Watu wakaanza kunong'ona, na mwenzangu akasema "Mae!" kwa sauti ndogo, kama anavyosema akisikia habari asizoziamini.

Akaja kichwa cha pili. Shimo la kwanza likashika. La pili likashika. Kwenye la tatu niliona mwenyewe, kabla hajapitisha kidole, tone la mafuta linang'aa, linavimba, linadondoka. Halafu jingine.

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema "aah". Nilifikiria ufagio wangu, nilikouegemeza, na jinsi nitakavyoshika njia kwenda kuuchukua mbele ya watu wote wale.

Msimamizi alilitazama lile tone kwa muda mrefu. Akalipitia shimo la nne, likashika. Kisha akajinyoosha mgongo, akatoa daftari mfukoni, akalamba kidole, akafunua kurasa. Akasoma, akalitazama tone, akasoma tena. Na yule mzee asiyecheka akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka na kuning'inia kwenye uzi wake.

"Njooni msome," alisema. "Njoo, binti, wasomee."

Dada wa utumishi akachukua daftari. Msimamizi alikuwa ameandika siku ile injini zilipoingia, kabla hazijafunguliwa, alipozipima nguvu. "Injini ya pili," alisoma. "Shimo la kwanza, zuri. La pili, zuri. La tatu, linavuja. La nne, zuri."

"Lilikuwa linavuja tangu lilipoingia getini!" alipaza sauti msimamizi. "Mngeweka valvu isiyo yake, ningepata uvujaji sehemu nyingine, au mahali pote. Hawa kina mama wamenirudishia mpaka ubovu mahali pake!"

Sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu kabla ya siku ile. Hata harusini kwangu makofi yalikuwa ya bwana harusi. Wale mafundi, wabeba vyuma, mlinzi wa getini, wote walipiga makofi na spana ziligongwa kwenye mapipa, na mwenzangu, mama mzima wa kanisa, alisimama akaanza kucheza papo hapo na viatu vyake vya mpira. Mimi nililia. Nililia kwa sauti, na sioni haya kusema.

Dada wa utumishi aliondoka bila kuaga. Tukadhani amekasirika. Alirudi na fomu mbili mpya na ile kalamu yake, akapiga magoti kwenye kanga yangu, bila kujali gauni lake zuri, akaniuliza, "Mama, naomba unitajie mwenyewe. Fani?"

Nikamtajia. Akaandika herufi kwa herufi.

Injini ile ya kwanza iliuzwa, na sasa inapandisha wageni mlimani. Ya pili ilitengenezwa lile shimo lake na kuuzwa pia. Lakini kosa letu halikusahaulika, na mimi ndiye niliyekataa lisahaulike. Nilimwambia msimamizi kwamba kwenye meza ya kahawa kila mchambuzi alikuwa na kibati chenye namba yake, kinakwenda na gunia mpaka mwisho. Tukakata vibati kutoka kwenye mabodi ya magari, tukavigonga namba ya injini na ya shimo. Kisha mwenzangu akateremsha nyungo kutoka mlimani, ungo mmoja kwa kila kichwa cha injini. Msimamizi alilalamika kwamba karakana yake imekuwa jiko la shughuli. Wiki iliyofuata alikuwa anazigombania.

Magari yaliongezeka, mikono ikapungua. Siku moja nilipofika asubuhi nilikuta tangazo jipya getini, limebandikwa na gundi mbichi: WANAHITAJIKA WACHAMBUZI. UZOEFU WA KAHAWA UTAPEWA KIPAUMBELE. Nilisimama nikalisoma mara tatu. Mlima ulikuwa wazi siku ile mpaka kileleni, lakini mimi nilikuwa natazama karatasi. Habari zilipanda na kushuka. Wakaja wenzetu wa meza ile ya zamani, kutoka Pasua, kutoka Mabogini, kutoka migombani huko juu, wengine wamevaa kanga za kuagwa. Mimi niliwekwa mezani pamoja na dada wa utumishi kupokea fomu. Mwenzangu alikuwa ndani na msimamizi, kwenye majaribio, akiwatisha watu kwa ukimya wake.

Mafundi waliokuwa wameshindwa kipimo cha kwanza nao waliruhusiwa kujaribu tena. Mchana, nikiwa nimeinamisha kichwa naandika, mkono ukaniwekea fomu mbele, mkono ninaoujua kila kovu lake. Hakuwa ameniambia kwamba anakuja. Kwenye mstari wa fani alikuwa ameandika: Fundi magari.

"Shikamoo, bosi," alisema, na mafundi wenzake wakacheka.

"Marahaba," nilimjibu, na sikucheka. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilikuwa na miezi ya maneno ninayoweza kuyaandika pale, na mengine yalikuwa makali na ya kuchekesha. Nililisoma neno lake nikaliacha lilivyo. Nikapeleka fomu mbele na kumwonyesha njia.

"Huyu ni mume wangu," nilimwambia dada wa utumishi. "Mimi simpimi."

Lakini kutazama nilitazama. Msimamizi akamwekea giaboksi, ile ile ya mara ya kwanza. Safari hii sikuona kopo. Mume wangu akasimama mbele yake, akajifuta mikono kwenye suruali, na kabla hajagusa spana akaingiza mkono ndani ya shati lake na kutoa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Akakikung'uta, akakitandika mezani, akakinyoosha pembe zote nne. Ulikuwa ule upande wa pili wa kanga yangu, niliouacha sandukuni.